Herufi Kubwa Ambazo Hazikuwa Zake

Kwa zaidi ya mwaka mmoja watu wa ofisi yetu Tunduma waliamini kwamba mdogo wangu ndiye aliyeharibu saa za gari la wagonjwa. Aliyeharibu ni mimi. Yeye amekufa akiwa na lawama hiyo, na mimi nilikuwa karibu naye siku zote, nina ukweli, sikuusema. Naandika kwa sababu nimegundua kwamba nikisimulia kwa mdomo huwa najipunguzia. Mahali fulani katikati sauti hushuka na msikilizaji hunionea huruma kabla sijafika kwenye kosa.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na matokeo hayakunipeleka mbele. Nilikuwa nachapa barua na kutoa nakala kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na maegesho ya malori. Mdogo wangu ndiye aliyesoma kompyuta, huko Mbeya, na hakumaliza. Aliporudi alinikuta nachapa kwa vidole vyote bila kutazama, akasema, "Dada, wewe unafaa kuandika programu. Kuchapa barua za wengine ni kupoteza vidole." Nikadhani ananitania. Alinifundisha mwaka mzima, jioni baada ya kazi, kwa kompyuta yake ya mpakato, maana yangu sikuwa nayo na mpaka leo sijanunua.

Kazi iliyotuweka pamoja ilitoka kwa chama cha wasafirishaji. Wenye malori walikuwa wametoa gari dogo la viti kumi na vinne liwe linawapeleka wagonjwa wa figo Mbeya kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, kisha liwarudishe. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Mwislamu aliyekuja Tunduma zamani kutoka Singida. Tulimwita Haji. Mke wake alikuwa amekufa kwa figo, na gari hilo lilikuwa wazo lake.

Shida ilikuwa foleni ya malori. Anayeijua Tunduma anajua kwamba kuna siku malori yanapanga mstari hadi Mpemba na kupita, na gari dogo likiingia humo halitoki. Kwa hiyo dereva alikuwa anakagua barabara alfajiri, anachagua kituo cha siku hiyo, anakiingiza kwenye simu. Ikifika saa kumi na moja kamili, programu yetu ilimtumia kila mgonjwa ujumbe: leo gari liko mahali fulani, linaondoka saa kumi na mbili. Kwa mtu ambaye hajakojoa siku tatu, ujumbe huo ulikuwa kila kitu. Walikuwa wanalala na simu chini ya mto.

Programu tuliiandika watu watatu. Mimi, mdogo wangu, na mwenzetu mmoja wa Kondoa aliyekuwa anatunza kompyuta za chama. Huyo tulimwita Fundi. Maandishi yenyewe ya programu, yaani msimbo, yalikaa kwenye ghala moja la mtandaoni. Kila mmoja alikuwa anashusha nakala, anarekebisha, anapandisha tena. Kila linalopandishwa, ghala huandika nini kimebadilika, siku gani, na kwa jina la nani.

Hapo pana jambo la kueleza. Jina hilo halitoki kwenye kidole cha mwandishi. Linatoka kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa ya mdogo wangu, kwa hiyo chochote nilichopandisha mimi kiliandikwa jina lake. Tulijua, na tulicheka. "Watu watadhani naandika hadi nikiwa kanisani," alisema.

Tena kuna mipangilio. Kila mwandishi wa msimbo ana kihariri, programu anayoandikia, na kila mmoja hukipanga kwa matakwa yake: ukubwa wa herufi, rangi ya nyuma, njia za mkato. Ni mambo ya mtu binafsi. Macho yangu ni mabovu tangu utoto na napenda herufi kubwa, nyeupe juu ya kijani kilichoiva. Mdogo wangu alipenda ndogo, kama punje za ulezi.

"Dada, hizi herufi zako anazisoma na mtu aliyeko ng'ambo ya mpaka, Nakonde," aliniambia siku moja.

"Basi na wao wajifunze."

"Jifunze wewe kwanza. Mswaki wako hauwekwi kwenye beseni la wageni. Kwenye ghala kuna orodha ya vitu visivyobebwa. Andika humo jina la folda ya mipangilio. Mstari mmoja tu, yaishe."

"Kesho," nikasema.

Sikuuandika mstari huo kesho, wala wiki hiyo. Sikuwa na sababu. Lilikuwa jambo dogo na nilikuwa nimechoka.

Siku nilipofanya kosa, mdogo wangu hakuwepo. Alikuwa ameenda Vwawa kwenye mazishi ya mwalimu wake wa shule ya msingi, akaniachia kompyuta. Nilikuwa na kazi nyingine ya pembeni, ya mfanyabiashara mmoja wa Nakonde aliyetaka programu ya kutoa stakabadhi dukani kwake. Alitaka stakabadhi zionyeshe saa za kwao. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Huku ikiwa saa kumi na mbili, kule ni saa kumi na moja. Sisi wa Tunduma tumezoea. Ukikaribia mpaka, simu inakamata mnara wa upande wa pili na saa inarudi nyuma yenyewe, ndiyo maana mtu akikupa miadi unamwuliza kwanza, saa ya kwetu au ya kule?

Ili nijaribu kazi ya yule mfanyabiashara, niliingia kwenye mipangilio ya kihariri nikaandika kwamba programu yoyote itakayowashwa kutoka ndani yake ihesabu saa za Lusaka. Nikiwa humo humo nikakuza na herufi, nikabadili na rangi. Kihariri kikaniuliza: mipangilio hii iwe ya kompyuta nzima, au ya folda hii peke yake? Nikachagua folda. Nilifanya hivyo kwa adabu. Sikutaka mdogo wangu arudi akute kompyuta yake imegeuzwa. Lakini nilikuwa nimefungua folda mbili, ya duka la Nakonde na ya gari la wagonjwa, na niliyokuwa nimesimama juu yake ilikuwa ya wagonjwa. Jioni nikarekebisha neno moja kwenye ujumbe wa wagonjwa, nikapandisha kwa amri inayobeba kila kilichomo kwenye folda. Ikabeba neno, ikabeba na mipangilio yangu.

Mdogo wangu aliporudi akafungua msimbo, akacheka. "Mama wee, nani kaniwekea bango la kampeni? Ondoa mambo yako, dada."

"Nitaondoa."

Aliona herufi. Hakuona mstari wa saa, ulikuwa chini. Na Fundi alikuwa ameshashusha kila kitu kwenye kompyuta ya ofisi.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi, Fundi aliwasha programu kama tulivyokuwa tunaiwasha siku zote, kutoka ndani ya kihariri, kwenye kidirisha chake cha amri. Hiyo haikuwa njia nzuri na sote tulijua. Ilikuwa njia rahisi. Programu ikaanza kuhesabu saa za Lusaka, na hakuna aliyejua, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, dereva akachagua kituo cha Mpemba, nje ya mji. Saa kumi na moja yetu ikapita bila ujumbe. Ulitoka saa kumi na mbili, gari likiwa linawasha injini. Wagonjwa walikuwa saba. Watatu walikuwepo, maana wanaishi Mpemba na waliliona gari. Dereva akasubiri dakika kumi, akaondoka. Mashine za kule zina ratiba, ukichelewa anawekwa mwingine.

Kati ya wanne waliobaki kulikuwa na mwalimu mstaafu. Mkewe alinisimulia baadaye kwamba alikaa kwenye kiti mlangoni, amevaa koti, simu kwenye goti, hataki chai kwa sababu alikuwa hatakiwi kunywa. Ujumbe ulipoingia akasimama, akasoma, akakaa tena. Alikwenda kwa basi. Basi likakwama kwenye foleni, akafika Mbeya alasiri, nafasi yake imechukuliwa. Usiku huo maji yalijaa kwenye mapafu. Akalazwa wiki mbili. Alitoka, lakini hakutoka yule aliyeingia. Tangu hapo mkewe ndiye anayemvalisha viatu.

Mwanzoni watu walilaumu minara. Madereva pale maegeshoni walikuwa wanamtania Fundi: "Saa zenu zimevuka mpaka, zilikuwa na pasipoti?" Yeye hakucheka. Alikagua simu za wagonjwa, zote zilikuwa na saa ya kwetu. Akarudi kwenye kompyuta, akatafuta hadi akaukuta mstari wa Lusaka. Halafu akatazama kwenye ghala nani aliuleta.

Haji aliita kikao siku hiyo hiyo. Tulikuwa watu sita ofisini, na mke wa mwalimu mstaafu akiwa amekaa karibu na mlango. Fundi akageuza kompyuta ili wote waone. Jina la mdogo wangu, na tarehe.

"Ni wewe?" Haji akauliza.

Mdogo wangu akasogea, akasoma. Nilimwona macho yake yakisimama kwenye tarehe. Ilikuwa siku ya Vwawa. Alikuwa makaburini siku ile, watu mia wangeweza kumshuhudia. Hakunitazama. Naamini hakunitazama makusudi, ili wengine wasifuate macho yake.

"Jina ni langu," akasema.

"Nimeuliza kama ni wewe."

"Jina likiwa langu, Haji, na kazi ni yangu."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba mkono wa shati lake uligusa wangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Haikuwa nafasi fupi. Mke wa mwalimu alijipangusa uso na kanga, katibu wa chama alifungua kitabu cha mihutasari akatafuta kalamu, kalamu haikuandika, akaomba nyingine. Muda wote huo nilikuwa naweza kusema. Niliwaza watoto wangu wawili na chumba nilichopanga. Niliwaza kwamba nikitolewa hapa nitarudi kuchapa barua. Katibu akaandika: ameondolewa kwenye kazi kwa uzembe uliohatarisha maisha. Mimi nikabaki, Fundi akabaki.

Tulitembea pamoja hadi njia panda. Nikasema, "Kwa nini?"

"Wewe una watoto na huna mume. Mimi hata sungura sina."

"Nitakwenda kuwaambia."

"Waambie ukiwa tayari. Usiende leo ukilia, watadhani unanitetea."

Hakusema nisiwaambie. Nimejiuliza juu ya maneno hayo mara nyingi, nikitafuta ndani yake ruhusa ya kunyamaza, sijaiona. Alisema nikiwa tayari, na mimi nikajiachia nisiwe tayari.

Akaenda Kamsamba kulima mpunga kwenye shamba la rafiki yake. Sisi ni watu wa Ihanda, tumezaliwa kwenye baridi na migomba na kahawa. Kamsamba ni bondeni, joto, mbu, maji yaliyosimama. Alikuwa ananipigia Jumapili akipanda mahali penye mtandao. Alinisimulia ng'ombe wanaovuka mto, na mzee mmoja jirani aliyekuwa anamcheka kwa jinsi anavyoshika jembe. "Anasema nashika kama kalamu." Hakuniuliza hata mara moja kama nimewaambia. Nilikuwa nangoja aniulize. Niliona kwamba akiuliza nitakwenda kesho yake.

Msimu wa pili akaumwa malaria. Alikunywa dawa, akapata nafuu, akarudi shambani, akaanguka. Waliombeba walisema alikuwa anaongea Kinyiha tupu, lugha ya kwetu, na wao hawakukisikia. Alifia njiani. Sisemi nilimwua. Malaria ilimwua. Nasema alikuwa Kamsamba kwa sababu mimi sikufungua mdomo.

Tulimzika Ihanda. Wakati wasifu wake unasomwa, walipofika kwenye kazi yake ya Tunduma msomaji aliruka haraka, na nikamsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwuliza mwenzake, "Si ndiye yule wa saa za wagonjwa?" Mwenzake akasema, "Nyamaza, mama yake yule pale." Mama alikuwa amesikia. Shingo yake haikugeuka.

Siku ya kuondoa matanga baba mdogo alisimama, kama inavyofanywa kwetu, akasema mwenye neno lolote na marehemu alitoe leo, tusije tukalisikia njiani. Watu wawili walisema mambo madogo, mmoja kuhusu jembe. Mimi nilikuwa naosha sufuria, hatua tano kutoka pale. Niliendelea kuosha. Kisha wakagawa vitu vyake. Nguo zikaenda kwa binamu. Kompyuta wakanipa mimi, kwa sababu kazi yetu ilikuwa moja, na watu wakaona ni haki.

Nadhani ningenyamaza hadi leo, kama si Fundi.

Yeye alikuwa ameufuta ule mstari wa Lusaka siku ile ya kikao, lakini mipangilio mingine aliiacha. Kwa hiyo kila aliyefungua msimbo wa gari la wagonjwa alikutana na herufi zangu kubwa nyeupe juu ya kijani. Mdogo wangu alipoondoka, ofisini waliziita herufi za yule bwana. Mimi nilikuwa nazitumia, sikusema kitu. Alipokufa, aliingizwa kijana mpya wa kutusaidia, na siku ya kwanza akalalamika.

"Hii mipangilio ya nani? Mambo ya mtu binafsi hayakai kwenye ghala la wote. Niitoe?"

Fundi, mtu ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, akasema, "Iache."

"Lakini kanuni..."

"Kanuni naijua kabla yako. Hizo ni herufi za marehemu. Alikosea, ndiyo, lakini alikuwa mwenzetu. Nikifungua asubuhi nikaziona, huwa namwombea kwanza ndipo naanza kazi. Kama zinakuumiza macho, kaa mbali na kioo."

Nilikuwa meza ya pili. Nilimsikia, nikaendelea kuandika mstari niliokuwa naandika, nikaumaliza, nikauona umekosewa, nikaufuta. Kila asubuhi kwa miezi mitano tangu mazishi mtu huyu alikuwa amemwombea ndugu yangu mbele ya ushahidi wa kosa langu. Walichokuwa wanamsamehe si chake, na hata walichobaki nacho cha kumkumbuka si chake. Yeye alipenda herufi ndogo. Hakuna aliyekuwa anajua hilo tena isipokuwa mimi.

Nikamwita Fundi nje, penye ngazi.

"Zile herufi ni zangu."

"Zipi?"

"Zile unazoziombea. Mimi ndiye niliyeziweka, pamoja na ule mstari wa Lusaka. Yeye alikuwa mazikoni Vwawa. Nilitumia kompyuta yake."

Akanitazama kama anayesubiri nimalize sentensi. Halafu akasema taratibu, "Dada, huzuni inamfanya mtu abebe vitu."

"Sibebi. Narudisha. Angalia tarehe, halafu waulize watu wa Vwawa."

Akakaa kwenye ngazi. "Na pale kikaoni ulikuwa umekaa naye."

"Ndiyo."

"Nilimgeuzia kompyuta usoni," akasema. "Mimi mwenyewe." Aliinuka akaingia ndani, na kwa siku kadhaa alinisalimia tu kwa sababu dini yake inamtaka.

Haji nilimkuta ofisini kwake asubuhi, anakunywa kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Mwanangu," akasema, "umemwambia nani mwingine?"

"Fundi."

"Basi ibaki hapo. Sikiliza. Yule kijana yuko mbele ya haki, na Mungu anajua alichofanya na asichofanya. Huku duniani hana la kupoteza tena. Wewe ndiye unayeijua programu hii kuliko wote. Wagonjwa sasa ni kumi na mmoja. Nikikutoa nitamweka nani, yule mpya?"

"Lakini kitabu kinasema ni yeye."

"Nani anasoma kitabu hicho?"

"Mama yangu aliambiwa kilichoandikwa humo. Ihanda nzima iliambiwa."

"Maneno hufa."

"Hili halijafa, Haji. Lilikuwepo kwenye mazishi."

Akazungusha kikombe. Ni mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Alichoniambia kilikuwa cha akili. Alikuwa anawawaza wagonjwa, na ndani ya maneno yake kulikuwa na mlango wazi kabisa, ningepita, na hakuna ambaye angenilaumu. Kilichonitisha ni kwamba nilishaanza kuinua mguu. Niliona kabisa jinsi ningerudi mezani kwangu na watoto wangu wakaendelea kula, na ndugu yangu akaendelea kuwa mzembe kwa sababu wafu hawahitaji kazi.

"Nataka iandikwe," nikasema. "Kwa jina langu."

"Ikiandikwa itabidi kikao kikutoe. Walimtoa yule, wakikuacha wewe nitamwambia nini mke wa mwalimu?"

"Mwambieni mmenitoa."

Kikao kilikaa. Mke wa mwalimu mstaafu alikuja. Nilipomaliza kusema, aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wako alikuja kumwona mume wangu hospitali, akapiga magoti. Wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa kazini. Sikujua kwamba alikwenda. Hakuwahi kuniambia.

Katibu akataka kukata ile sentensi ya zamani kwa kalamu. Haji akamzuia, akasema muhtasari haukatwi, unaongezewa. Akaandika chini yake kwamba aliyefanya kosa lile ni mimi, kwa kompyuta ya mdogo wangu bila yeye kujua, na kwamba aliondolewa bila hatia. Nikasaini.

Kabla ya kukabidhi nilifanya kazi moja ya mwisho. Niliifuta folda ya mipangilio kutoka kwenye ghala. Nikaandika jina la folda hiyo kwenye orodha ya visivyobebwa, mstari mmoja, ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Kwenye maelezo nikaandika: naondoa mipangilio yangu binafsi niliyoiingiza hapa kwa uzembe, pamoja na saa za Lusaka, haikuwa ya mwenye kompyuta. Nikabadili jina kwenye kompyuta kabla ya kupandisha, ili ghala liandike langu. Kumbukumbu ya zamani haifutiki, ina jina la mdogo wangu bado. Anayetafuta ataikuta, na akiendelea kushuka ataikuta na hii. Fundi alifungua msimbo mbele yangu. Zikatokea herufi za kawaida, nyeusi juu ya nyeupe, zisizo za mtu. Alizitazama kidogo akaanza kazi.

Alibaki mama.

Nilimkuta Ihanda uani, anachambua kahawa kwenye ungo. Nilikaa mbele yake nikasema bila kuzunguka, maana nilikuwa nimeshajifunza kwamba nikizunguka napotea. Mikono yake haikusimama hadi nilipofika kwenye kikao cha kwanza. Hapo ikasimama.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua, mama."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akatoa punje mbovu moja, akaitupa. "Alinipigia kutoka Kamsamba," akasema, "nikamgombeza. Nikamwambia umetuaibisha, watu wanaumwa wewe unachezea saa. Nilimwambia hivyo. Akasema, ndiyo mama, nimekosa."

Akashika punje nyingine, hakuitupa.

"Nilimgombeza mwezi mzima," akasema.

Aliniambia niondoke, nisilale hapo. Hakunifukuza kwa kelele. Alisema tu nyumba haina nafasi, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili vitupu. Nikarudi Tunduma. Sasa nachapa barua kwenye duka lile lile.

Wiki tatu baadaye alikuja mwenyewe, bila kunitaarifu, amevaa nguo za kanisani. Hakukaa wala hakutaka maji. Alisema anataka kukiona kitabu. Tukaenda hadi ofisi ya chama, mimi mbele, yeye nyuma hatua chache, kama watu wasiojuana. Haji akampa kiti, akampa pole, akamfungulia kitabu kwenye ukurasa wenyewe. Mama hajui kusoma. Aliweka kiganja juu ya karatasi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Soma wewe," akasema. "Kwa sauti."

Haji akasema anaweza kumsomea yeye. Mama akatikisa kichwa.

Nikasoma. Nilisoma ya kwanza, ile ya uzembe, kisha ya pili, yenye jina langu. Nje malori yalikuwa yananguruma na ilibidi nipaze sauti. Fundi alikuwa mlangoni, na madereva wawili waliokuja na karatasi zao wakasimama kusikiliza. Nilipomaliza, mama hakuondoa kiganja.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.